Aliyemuoa Bitutu

Darasa zima lilicheka Bitutu aliposema haoni cha ajabu.

Mwalimu Cephas alikuwa amewauliza swali ambalo huwakwamisha hata wanafunzi wake wa chuo kule Rongo. Ruthu ndiye aliyezaa. Kwa nini basi majirani walisema Naomi ndiye aliyepata mwana? Kila Alhamisi Cephas alizunguka makanisa ya Migori akieleza jinsi watu wa Biblia walivyoishi, wakalima na kuoana, ili wasomaji waache kudhani kwamba Bethlehemu ilikuwa kama Homa Bay.

"Nyumba ilikuwa ya Naomi," Bitutu alisema. "Mtoto ni wa nyumba."

Akaketi. Hakucheka na wenzake wala hakukasirika kuchekwa.

Kipindi kilipoisha, Cephas alimngoja mlangoni. Bitutu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kucha zake nyeupe kwa vumbi la mawe. Kazi yake pale Masara ilikuwa kuokota mawe yaliyoachwa na wachimbaji, kuyaponda na kuyaosha hadi apate chembe ya dhahabu. Cephas alipofundisha kwamba maskini wa Israeli waliruhusiwa kuokota masuke yaliyosazwa na wavunaji, yeye peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kukubali.

"Pole, mama. Nimesikia una msiba."

"Aliyenioa amekufa. Hii ni wiki ya tatu."

"Na wewe unaendeleaje?"

Bitutu alifikiri kidogo. "Ni kama mguu ulioingia ganzi, mwalimu. Naona ni wangu, lakini sisikii kitu."

Akamweleza yaliyobaki kwa sauti hiyohiyo, kama mtu anayesoma tangazo. Kesho aliitwa kwa chifu, huko nyumbani Kuria. Magige, mmoja wa ukoo wa marehemu, alitaka shamba. Alidai kwamba Maroa, mtoto wa Bitutu wa miaka minne, si wa kwao. Alitaka mama na mtoto warudi kwa wazazi wa Bitutu kabla mahindi hayajakomaa. Chifu akiandika barua bila majina yao, mahakama haitawatambua.

Cephas alisita. "Samahani kwa kuuliza. Mtoto ni wa marehemu?"

"Ni wa nyumba ya marehemu."

"Nauliza damu, mama."

"Damu si yake. Alijua. Ukoo mzima unajua."

Cephas alitazama chini. Alikwisha kusikia mengi ya namna hiyo katika utumishi wake. "Na hakukufukuza?"

"Anifukuze kwa nini? Nilipojifungua, mikono iliyompokea Maroa ilikuwa yake. Alinipikia uji wiki sita. Jina la mtoto alilichagua mwenyewe."

Huko Lambwe alikozaliwa, Cephas hakuwahi kusikia mwanamume aliyepokea mtoto, sembuse mtoto asiye wake. "Mumeo alikuwa mtu wa Mungu," alisema.

Bitutu alimtazama kama mwenye neno, kisha akainama, akachukua karai lake, akaondoka.

Usiku huo Cephas aliandika kurasa mbili za kumtetea. Saa tatu asubuhi alikuwa ameketi kwenye benchi ofisini kwa Chifu Zablon, pamoja na wazee watano. Bitutu aliketi pembeni, Maroa amelala mapajani mwake.

Magige alianza. "Huyu hana mume hapa, wala hajawahi kuwa naye," alisema. "Mtoto alimpata kwa watu huko. Tutawapaje ardhi ya babu zetu?"

Cephas alimtazama Bitutu, akidhani atalia kwa tusi lile. Bitutu alikuwa akimfukuza nzi usoni pa mtoto.

Aliporuhusiwa kusema, Cephas aliwaeleza habari za lango la mji, mahali wazee wa Israeli walipoketi kuamua mambo kama hayo. Akawaeleza jinsi jamaa aliyekataa kulisimamisha jina la marehemu alivyovua kiatu chake mbele ya mashahidi. Sheria ile, alisema, haikuuliza kwanza habari za damu. Ilitaka jina la mtu lisifutike katika shamba lake.

"Mama huyu aliteleza," alimalizia taratibu. "Lakini marehemu alimsamehe. Kama mwenyewe alisamehe, sisi ni nani?"

Wazee walitazamana. Mmoja akakohoa.

"Alimsamehe kosa gani?" Chifu Zablon aliuliza.

Cephas alimwonyesha kwa kidevu mtoto aliyelala.

"Umesema vizuri, mwalimu," chifu akasema, "isipokuwa hapo." Akawageukia wazee. "Ng'ombe wa mahari walitolewa au hawakutolewa?"

"Walitolewa," wakajibu. Mzee wa mwisho akaongeza, "Wanane. Mimi niliwahesabu, na Magige alikula nyama siku ile."

Magige akaketi.

Chifu akavuta karatasi, akaandika kwa muda mrefu. Nje mbuzi walikuwa wakilia. Cephas alimwinamia Bitutu, akamnong'oneza kwamba Mungu hawasahau wajane. Bitutu akaitikia kwa kichwa. Uso wake haukubadilika.

Kisha chifu akasoma polepole, ili kila mtu asikie: Bitutu na mwanawe Maroa ndio warithi wa nyumba na shamba la marehemu, aliyemuoa Bitutu kwa desturi, kwa ng'ombe wanane, mbele ya mashahidi, naye ni Mellen, mwanamke mzee wa miaka sabini na minne ambaye hakujaliwa kuzaa, akaoa mke ili nyumba yake ipate mtoto.