Vidonge vya Bi Bata

Niapie kwanza kwamba humwambii mtu. Nami niliapishwa, lakini mdomo unaniwasha.

Bi Bata, mpenda kula, aliuza vidonge vya chai ya kijani vya kupunguza mwili. "Nitazame, shoga. Tumbo limekwisha."

Bi Mbuzi, mwepesi wa kuamini, alikuwa ananyonyesha. Akavimeza na kuacha uji, maana ndivyo alivyoagizwa. Akakonda kweli, lakini maziwa yakakauka, mtoto akawa analia kutwa.

"Umekondeshwa na njaa, mwanangu," akasema Bi Kobe, mdadisi. "Vidonge havijafanya kitu."

"Wivu huo, bibi," Bata akadakia. "Mimi navimeza, nakula, na bado nimekonda."

"Haya, kula tukuone."

Wakamwandalia sinia la pilau uani, mbele ya mashoga wote. Bata akala, akaongezwa, akaomba na ukoko. Mara kitu kikapasuka chini ya dera. Mkaja, kile kitambaa cha kukaza tumbo la mzazi, ukamdondoka miguuni, na tumbo likamwagika mkekani.

"Shoga, dawa yako imefunguka," akasema Kobe.

Bata akabaki na tonge mdomoni, hatemi hamezi. Bi Mbuzi akalivuta sinia kwake.