Pointi ya Nne

Mpira wa besiboli aliourusha Ambiorix ulikwenda taratibu, katikati kabisa, mahali ambapo hata mtoto wa shule angeupiga. Mpigaji wa timu ngeni hakuamini macho yake. Aliutandika, ukavuka ukuta, ukapotelea kwenye miwa nyuma ya uwanja.

Watu wakaguna. Sita kwa mbili ikawa sita kwa tatu.

Mdakaji, Wilfrido, akavua kinyago chake na kumfuata pale kwenye kichuguu cha mrushaji.

"Nilikuomba mpira wa kupinda," alinong'ona, glavu ikiwa imemfunika mdomo. "Ule ulikuwa nini?"

"Umeniponyoka."

Wilfrido akamtazama. Kisha akatupa jicho benchi, alikokaa Radhamés, mrushaji anayefunga michezo ya timu yao. Akacheka chinichini.

"Mshenzi wewe. Kumbe una utu."

Ambiorix akaishusha kofia machoni. Uso ulikuwa unamwaka kama aliyepigwa kofi.

Hesabu ile kila mtu uwanjani aliijua. Radhamés alikuwa na miaka thelathini na tisa na uokoaji tisini na tisa, na huu ulikuwa mchezo wa mwisho wa msimu. Mrushaji huandikiwa uokoaji akiingia kipindi cha tisa, cha mwisho, timu yake ikiongoza kwa pointi tatu au pungufu, akamaliza bila kuupoteza ushindi. Wakiongoza kwa nne, haandikiwi kitu, hata arushe vizuri namna gani.

Kocha alikuwa amesema tangu mwanzo: "Zikiwa nne, Ambiorix amalizie. Zikiwa tatu, mzee anaingia. Mama yake katoka mbali kuja kuona wa mia."

Sasa zilikuwa tatu.

Ambiorix alimalizia kipindi cha nane bila jasho. Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka minne. Wageni wakijaza wakimbiaji kwenye vituo vyote vitatu, mambo yakiharibika kabisa, anaitwa yeye. Anawazima, anarudi kukaa. Kisha Radhamés anaingia kwa ngoma na vigelegele, anawatoa watu watatu ambao hawajafika popote, na kwenye kitabu cha takwimu linaandikwa jina la Radhamés. Kwa kazi ya Ambiorix, kitabu hakikuwa na alama.

Wapigaji wao hawakuongeza kitu. Radhamés akainuka. Alipompita Ambiorix alimgusa begani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulining'inia tu.

Mchana ule, kabla wenzao hawajafika, Ambiorix ndiye aliyemfungia vifungo vya shati. Mkono wa kulia, ule wa kurushia, ulikataa kupanda hata kufika kifuani.

"Kocha asijue, mdogo wangu," Radhamés alikuwa amemwambia.

"Hatajua."

Na kweli hakumwambia mtu.

"Mzee, wa mia! Wa mia leo!" jukwaa lilipiga kelele. Doña Eduvigis, mama yake Radhamés, alikuwa amepanda juu ya kiti na gauni lake jeupe la kanisani, rozari imemzunguka kiganjani.

Mpira wa kwanza wa Radhamés ulipigwa hadi ukutani. Wa pili nao vilevile, na mtu mmoja akaingia. Pointi.

"Radhamés!" jamaa mmoja alipaza sauti. "Unarusha mpira au unapeleka barua?"

Watu wakacheka. Ikaingia pointi nyingine, wakaacha kucheka. Sita kwa tano. Wawili walikuwa wameshatolewa, amebaki mmoja, na kwenye kituo cha pili alisimama mkimbiaji ambaye akifika kituo cha nyumbani timu zinalingana, na uokoaji umekwenda.

Ambiorix alikaa ameinamisha kichwa, viganja vimebanwa katikati ya magoti. Alikuwa anaomba, ila hakuthubutu kumtajia Mungu anachoomba.

"Tulia, kaka," jirani yake benchini akamwambia. "Mzee atamaliza."

Mpira wa mwisho ulipaa juu sana, mbali sana. Mlinzi wa katikati akakimbia, akakimbia, mgongo ukagonga ukuta, na mkono wa glavu ukabaki hewani. Mpira ulikuwa ndani ya glavu; wa tatu ametolewa.

Uwanja ukalipuka. Benchi lote likakimbilia kichuguuni. Ambiorix alikuwa wa mwisho kusimama.

Kitabuni kukaandikwa uokoaji wa mia moja, sawa kabisa na ule wa mtu aliyewatoa watatu kwa mipira tisa. Kuhusu ukuta ule, kitabu hakikusema neno.

Katika chumba cha kubadilishia nguo palikuwa na wali wa mbaazi, bia, na kelele. Radhamés alikaa na barafu begani, macho mekundu. Akamwita Ambiorix mbele ya wote.

"Wilfrido kaniambia. Ule mpira haukukuponyoka."

"Mzee, yaache hayo."

"Siachi! Umekubali kuzomewa na mji mzima kwa ajili yangu. Kocha, sogea usikie. Mimi leo nimemaliza, sirudi tena. Nafasi yangu ya kufunga michezo mpe huyu. Sina ndugu mwingine humu ndani."

Kocha akaitikia kwa kichwa. Wenzake wakampigia Ambiorix makofi, wengine wakimmwagia bia. Yeye alitazama sakafu.

Doña Eduvigis akapenya katikati yao. Akakishika kichwa cha Ambiorix kwa mikono miwili, akambusu kwenye paji la uso.

"Mungu akulipe, mwanangu," alisema, "sawasawa na ulichomkusudia Radhamés wangu."

Ambiorix akafumba macho. Alikuwa amemkusudia aingie na bega lile lililokufa, apigwe mpaka timu ifungwe mbele ya mama yake na mji mzima, na kesho yake kocha atafute mrushaji mwingine.