Shubiri

Bi Saumu alivunja jani la shubiri, akakamua utomvu kwenye kisosi na kumsogezea mkwewe, Mwanahawa. "Paka vizuri, mwanangu. Akionja mara moja tu, harudi tena."

Ramla alikuwa ametimiza miaka miwili Ijumaa iliyopita. Ngazi alizipanda mwenyewe na kumwita paka kwa jina, lakini kila alasiri alimfuata mama yake, akamvuta kanga na kusubiri.

Leo pia alikuja. Alinyonya mara moja akaacha, uso umemkunjamana. Mwanahawa alijiandaa kwa kilio, lakini mtoto hakulia. Alimtazama mama yake, akalitazama titi lililong'aa kwa utomvu wa manjano, kisha akashuka mapajani na kutoka.

"Si nilikwambia," Bi Saumu akasema. "Kazi imekwisha."

Mwanahawa aliitikia kwa kichwa. Mwezi mzima alikuwa akilitaka jambo hili, na sasa alikuwa akiutazama mlango aliotokea mtoto. Akaanza kufunga gauni.

Ramla akarudi na kitambaa kibichi, kile anachofutwa nacho magoti kila anapoanguka. Akamfungua mama yake kifungo, akalifuta titi polepole, halafu akalipuliza.

"Pole mama," akasema. "Inauma?"

Bi Saumu akainamia kisosi chake. Mwanahawa alibaki ameshika kifungo, na mtoto akajaza mashavu pumzi, akapuliza tena.