Kutoka Kabla ya Bosi

Mhasibu alikuwa anatambaa. Tai ameitupa mgongoni isimkwaze, viatu amevibana kwapani, na tumbo lake, ambalo halikuzoea safari za namna hii, lilikuwa linafagia sakafu ya ofisi kutoka meza hadi meza.

Mfukoni simu ikatetemeka. Akajiingiza nyuma ya kabati la mafaili.

"Baba, uko wapi?" Alikuwa binti yake, kwa simu ya mama yake.

"Niko njiani, mama."

"Mbona unanong'ona?"

"Njia ina watu."

"Saa kumi tunaanza igizo. Mimi ndiye jogoo. Ukikosa na leo, nitamwambia mwalimu baba yangu ni mlinzi wa shule. Yeye huwa anakuja."

Simu ikakatwa. Mhasibu akaendelea kutambaa.

Mlango wa mbele haukufaa. Una kengele, na ikilia kila kichwa hugeuka. Na kipindi hiki cha kufunga hesabu za mwaka, ofisi ile ilikuwa na sheria moja tu: hakuna kutoka kabla ya bosi, na bosi huwa hatoki. Wiki iliyopita karani wa mishahara aliomba ruhusa akamtazame mwanawe akicheza mpira. Ruhusa hakupewa, alipewa mahubiri, tena mbele ya ofisi nzima: kwamba hesabu hazina mtoto wala mjomba. Watu walitikisa vichwa kukubali mpaka shingo zikawauma. Baada ya maneno yale, nani angethubutu kusimama mchana kweupe na kusema anakwenda kumtazama jogoo?

Basi akatambaa. Hakuinua kichwa hata kidogo. Alichokiona ni miguu ya viti tu na pindo za makoti yaliyoning'inia kwenye viti hivyo, moja baada ya jingine, yametulia tuli. Wamezama kazini, maskini. Feni ilikuwa inapekua makaratasi. Simu ya mezani ikalia, ikalia, ikachoka yenyewe. Mhasibu akajisikia fahari kidogo: watu wanafanya kazi hawa, hata simu hawaisikii.

Kisha akajisikia vibaya. Wenzake wanaumia na hesabu, yeye yuko sakafuni kama mwizi wa kuku. Lakini akamkumbuka yule mlinzi wa shule, akaongeza mwendo.

Kwenye meza ya karani wa mishahara goti lake likaligonga pipa la taka. Likaanguka kwa kelele, likabingirika, likaenda kutulia ukutani. Mhasibu akafumba macho, akangoja kuulizwa.

Hakuulizwa. Karani yule ana heshima sana, akajisemea, hata akikuona hujui kama amekuona.

Stoo ilikuwa wazi. Dirisha lake alilijua kuwa bovu, la kuvutana nalo mpaka mtu atoke jasho. Ajabu, alilisukuma kwa kidole likafunguka bila kulia. Bawaba zimelainishwa kwa mafuta. Akacheka peke yake mkono mdomoni, kama mtoto aliyeiba sukari. Siku ikikupenda, inakupenda.

Akatanguliza viatu, kisha miguu. Kiuno kikapita. Tumbo likagoma, akavuta pumzi, likakubali. Akabaki ananing'inia nje, vidole vimeng'ang'ania kizingiti, miguu inatafuta ardhi isiyoonekana.

Mkono ukamshika kifundo cha mguu, ukaukalisha unyayo wake juu ya kreti la soda. Alikuwa dada wa chai, ameinama, analishikilia kreti lisiyumbe, wala hatazami juu.

"Wa kushoto kwanza, hapo hapo, usiruke," akasema, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake. "Na wewe leo umechelewa kweli. Wenzako wote wameshashuka."

Kisha akainua macho, akamwona usoni.

"Shikamoo, bosi."