Watoto wa Mshubiri

Tangu nyumba zote zipewe masikio, mimi ni wa kukaripiwa na ukuta wangu mwenyewe. Jana nilimpigia simu wifi yangu Mwanaidi, nikamweleza habari za mishubiri yangu midogo, ile ya kwenye makopo ya maziwa, yenye majani yaliyopangana duara kama ua.

"Nimewabandua watoto watatu kwa mama yao," nikasema. "Nimewaanika kivulini vidonda vikauke. Maji siwapi mpaka wiki ijayo."

Kabla sijakata simu, maofisa wawili wa ustawi wa watoto, mwanamume na mwanamke, walikuwa mlangoni.

Niliwaonyesha makopo, nikawaonyesha na mizizi. Yule mwanamke akacheka, hata akaniomba mmoja akapande kwake. Lakini kumbukumbu za nyumba hazifutwi, akasema.

"Kuanzia leo, dada, neno mtoto usilitamke humu ndani. Sema chipukizi."

"Na binti yangu je?"

"Naye vilevile. Nyumba haijui kutofautisha. Ukiteleza tena, tutalazimika kumchukua."

Leo mchana Tunu amerudi kutoka shule akihema, jasho linamtiririka, akaenda moja kwa moja bombani na kikombe chake. Nikaung'ata ulimi kwa hasira.

"Haya, chipukizi wangu, kunywa."

Ukuta ukanishukuru kwa kutumia neno sahihi. Kisha ukanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba chipukizi hapewi maji mpaka wiki ijayo, na bomba likajifunga.