Chupa ya B Hasi

Dripu ya tatu ilikwisha saa nne asubuhi, na Shandana alikuwa bado anatokwa na damu. Mtoto, wa kike, alizaliwa salama alfajiri. Mama yake sasa alikuwa na uso wa rangi ya unga.

"B hasi," alisema Daktari Nighat. "Nahitaji chupa moja sasa hivi. Kwenye jokofu ninayo moja tu, na ni ya kundi A."

Mjini Mingora kulikuwa na benki ya damu, lakini theluji ilikuwa imefunga njia ya mlimani tangu juzi. Msikitini wakatangaza kwa kipaza sauti. Walikuja wanaume kumi na mmoja, wakachomwa vidole, na hakuna aliyefaa. Wengine waliokuwa wamesimama uani mwa zahanati walipoona sindano walikumbuka kazi zao.

Wa kumi na mbili alikuwa Zarwali, mume wa Shandana. Alifaa.

"Kaa hapa," daktari alimwambia. "Kunja mkono wa shati."

"Hakai!" Bibi Marjana, mama yake Zarwali, alijitia katikati yao. "Mume hampi mkewe damu. Akimpa, damu yake inazunguka mwilini mwa mkewe, mke anakuwa dada. Ndoa imekufa."

"Si kweli, mama. Hayo ni ya walionyonya ziwa moja. Damu haimo."

"Wewe umesomea dawa. Umufti umeupata lini?"

Daktari aligeukia kitanda. Alikuwa akitafuta mshipa kwenye mkono wa kushoto wa mgonjwa. Mfupa wake ulikuwa umeunga vibaya.

"Huu ulivunjika lini?"

"Mwaka jana," alisema Bibi Marjana. "Alianguka akifagia theluji paani."

"Na vidole hivi?"

"Paani hapo hapo. Mwanamke huyu haangalii anapokanyaga."

Daktari alihamia mkono wa kulia.

"Sabini kwa arobaini," alisema muuguzi Robina, akisoma kipimo cha shinikizo la damu. Baada ya dakika kumi alisema, "Sitini." Safari hii hakutaja namba ya pili.

Zarwali alitoka hadi ukumbini, akampigia simu binamu yake mwenye gari upande wa pili wa mlima. Binamu akamwambia theluji inamfika kiunoni. Akakimbilia uani, akamshika mwalimu wa shule kwa shali lake.

"Ingia ukapimwe, nakuomba."

"Nimeshapimwa, ndugu yangu. Mimi ni A. Uliyebaki ni wewe."

Alirudi kitandani, akainama.

"Shandana, unanisikia? Nitoe?"

Midomo ya mkewe ilitikisika, sauti haikutoka.

"Utaoa mwingine," mama yake alimwambia sikioni. "Na ukishapunguzwa damu, nani atanipasulia kuni hadi majira ya kuchipua? Mimi?"

"Hamsini na tano," alisema Robina.

Zarwali alimtazama mama yake.

"Ndoa ikifa, mama, yeye atakuwa hai," alisema, akakunja mkono wa shati.

Damu ilipimwa, ikalinganishwa na ya mgonjwa, na kufikia adhuhuri ilikuwa inashuka kwenye mrija tone baada ya tone. Zarwali alikaa sakafuni akiyahesabu matone, akapoteza hesabu, akaanza upya. Saa tisa Robina alitaja namba mbili: mia kwa sitini. Zarwali aliweka paji la uso chini, akakaa hivyo muda mrefu.

Kesho yake mchana Shandana alikuwa ameegemea mto, akinywa chai ya maziwa. Zarwali alifika mlangoni, hakuingia. Nyuma yake alisimama mama yake pamoja na baba zake wadogo wawili, walioitwa kuwa mashahidi.

"Mama anasema wewe sasa ni dada yangu," alisema. "Daktari anasema si kweli. Mimi sijasoma. Wewe umesoma, Shandana. Sema wewe. Ukisema si kweli, nakuchukua twende nyumbani leo hii, na mama atanung'unika mpaka achoke."

Robina alifungua mdomo. Shandana akamshika kiganja, akakibana.

"Mama anasema kweli," alisema Shandana. "Umeniokoa, kaka yangu, Mungu akulipe. Lakini siwezi kuishi kwenye haramu ili kumfurahisha daktari. Tamka mbele ya wazee hawa, asije mtu kesho akaleta maneno."

Zarwali alilia waziwazi, bila kujifuta. Kisha akatamka talaka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mmoja wa baba wadogo akauliza habari za mtoto.

"Wa kike huyo," alisema Bibi Marjana. "Amfuate mama yake."

Wakaondoka.

Robina alingoja mpaka nyayo zao ziliposikika kwenye changarawe ya nje.

"Dada Shandana," alinong'ona, "si wewe uliyekuja kwetu na mkoba wa afya, ukabishana na baba mpaka akakubali kwamba damu haivunji ndoa?"

"Ni mimi." Shandana alimweka mtoto kifuani, juu ya ule mkono uliounga vibaya. "Nilipita nyumba mia mbili na arobaini. Hii yao nilikuwa sijaifikia waliponiozesha humo."