Kundi O

Fundi cherehani alisukuma mlango wa bafu akamkuta mama yake ameketi juu ya ndoo, anakula maharage baridi kwa mkono. Mchuzi ulimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

“Funga mlango, mwanangu,” mama alinong’ona. “Kaka yako asinione.”

Damu ilimchemka. Alimshika mama mkono, akamtoa hadi mezani.

Kaka mtu alikuwa sebuleni, kamba ya kuruka begani. Tangu asome kwenye simu kwamba kila kundi la damu lina chakula na mazoezi yake, alikuwa amempigia mama marufuku maharage na maziwa.

“Mama ni kundi O,” alisema. “Damu yake inataka nyama na kuruka kamba.”

“Na hayo magoti yake yaliyovimba kwa kuruka ni kundi gani?” fundi aliuliza. “ Mama yetu ajifiche bafuni kula, kama mwizi, ndani ya nyumba yake mwenyewe?”

Dada mtu, yule fundi, alipasha maharage, akajaza sahani, akaiweka mbele ya mama. Kaka alinyoosha mkono aiondoe.

Mama aliudaka mkono ule, akaubana mpaka kamba ikamponyoka mwanawe begani.

“Thubutu,” alisema.